Nimenunua risasi za bei mbaya, mbona matundu yametawanyika?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya .30-06 ya Brno niliyorithi kwa marehemu baba. Miaka yote tulikuwa tunapiga softi (risasi za ncha laini) za kawaida za greini 180 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa), zile za bei poa, na kwenye mita 100 matundu matatu yanakaa ndani ya sentimita 4. Mwaka huu nikajitutumua nikanunua boksi mbili za premium, za shaba tupu, greini 180 hizo hizo, zenye ncha ya plastiki. Matokeo yake sentimita 9! Nimeibiwa ama bunduki imechoka? Na mjomba ana bunduki ya .375 H&H, tunaomba kibali cha nyati pamoja, yeye anunue ipi? Asante.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hujaibiwa, na bunduki ya mzee haijachoka, ila umenunua kitu kimoja ukidhani umenunua kingine, na si wewe peke yako maana kila msimu watu wananiletea kesi kama hii. Neno premium kwenye boksi halimaanishi risasi itapiga pale pale kuliko ile ya bei poa, linamaanisha hasa kile kinachotokea baada ya kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) kugusa ngozi ya mnyama. Kwenye karatasi softi ya bei rahisi inaweza kuiaibisha premium mchana kweupe, karatasi haina mfupa.

Tuanze na mnyama ndo tuje kwenye mtutu. Softi ya kawaida ni koti la shaba limevalishwa juu ya kiini cha madini ya risasi (lugha yetu hii nayo, risasi ya risasi!), na hivyo viwili havijashikana kwa kitu chochote zaidi ya kubanwa tu. Ukimpiga swala pala mbavuni inafunguka vizuri kama uyoga, mnyama anaenda chini, kila mtu anafurahi. Sasa mpige kongoni mkubwa kwenye mfupa wa bega, karibu, mwendo bado mkali: koti linaenda huku, kiini kinaenda kule, na kilichoingia ndani ni vipande. Mimi yalinikuta, kongoni nilimpiga bega nikaona kabisa ameyumba, tukafuata damu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka karibu saa kumi, tulipompata nikakuta kidonda kikubwa kama sahani juu ya bega na ndani hakuna kilichofika. Ile bunduki ilikuwa inapiga sentimita 3 na sikukosa shabaha hata kidogo.

Hadithi ya John Nosler wa Marekani ndo hiyo hiyo, 1946 alikuwa anawinda mnyama wao anaitwa moose kule British Columbia, Kanada, akampiga bega na .300 H&H na vichwa vikawa vinapasukia nje bila kuzama. Akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, mbele kinafunguka, nyuma kinabaki kizima kinaendelea kusukuma. Ndiyo Nosler Partition, mpaka leo ipo madukani. Swift A-Frame ni wazo hilo hilo ila kiini cha mbele kimeunganishwa na koti kabisa kwa hiyo uzito unaobaki ni mkubwa zaidi. Kuna ukoo wa zile zilizounganishwa tu bila ukuta, kama Woodleigh Weldcore ya Australia na Norma Oryx ya Sweden. Halafu ndo hizo zako za shaba tupu ambazo Barnes walizileta 1989, hazina kiini cha kuchomoka, zinafungua majani ya mbele na kubaki na karibu uzito wote.

Sasa kwanini zinatawanyika kwako. Sababu ya kwanza ni urefu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.96 wakati ya risasi ina 11.34, kwa hiyo ukitaka greini 180 za shaba lazima kichwa kirefuke, na kichwa kirefu kinadai msokoto mkali zaidi wa mifereji (ile michirizi ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa) ili kisiyumbe. Hesabu ya mambo haya si ya jana, Mwingereza George Greenhill aliitoa 1879, na kinachomsumbua yeye ni urefu na unene wa kichwa, wala hakuanza na greini. Pima msokoto wako, kazi ya dakika tano tu: toa risasi zote kwanza, hakikisha chemba ni tupu, funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, isukume, weka alama kwenye fimbo uone imetembea inchi ngapi mpaka ikamilishe mzunguko mmoja. Kwa .30-06 nategemea upate inchi 10 na hiyo inatosha, kwa hiyo kwako sidhani kama ndo mchawi. Angekuwa ni mwenye bunduki ya .308 ya msokoto wa 1 kwa 12, yaani mzunguko mmoja kila inchi 12, akaniambia anapiga shaba za greini 180 ningemwambia ndugu umeshajijibu mwenyewe.

Kwako mimi namshuku mtutu mchafu. Hapo usinikasirikie najua unasafisha, lakini kupitisha mafuta na kitambaa kunatoa masizi ya baruti tu, shaba iliyoganda kwenye mifereji inabaki pale pale, na kama tangu enzi za mzee zimepita softi tu humo basi kuna tabaka la miaka. Vichwa vya shaba tupu havipendi kabisa kupita juu ya mabaki ya makoti ya aina nyingine. Tafuta dawa ya kutoa shaba, siyo mafuta ya bunduki, dawa yenyewe ya shaba, na usiiache ndani usiku kucha kama maelekezo yake hayaruhusu. Kitambaa kitatoka na rangi ya bluu au kijani, rudia na rudia mpaka kitoke cheupe, unaweza ukatumia jioni nzima, mimi kuna Brno moja ilinichukua siku mbili. Ukimaliza kausha vizuri, piga risasi mbili tatu za kuuzoesha mtutu ndo uanze kuhesabu. Na ukishachagua aina moja baki nayo, usichanganye leo hii kesho ile.

Ukiwa hapo hapo kaza skrubu za kitako na za darubini. Nusu ya bunduki ninazoletewa kwamba hazipigi vizuri, ugonjwa ni skrubu.

Kingine, matatu si mengi. Matundu matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati na mengine matatu yakatawanyika kwa bahati mbaya, bunduki ni ile ile. Piga matano, acha mtutu upoe mpaka ushikike bila kuungua, piga mengine matano, asubuhi kabla jua halijaanza kutetemesha hewa juu ya mtutu. Hapo ndo linganisha. Inawezekana sentimita 4 yako ya zamani kiukweli ilikuwa 6 na hiyo 9 ni 7.

Baada ya kusafisha kama bado zinakataa, shuka uzito. Hapa watu wananibishia sana maana tumelelewa kwamba kizito ndo kizuri, lakini kichwa cha shaba hakipotezi uzito njiani, cha greini 165 au 168 kinafika ndani na karibu zote, wakati softi ya 180 inaweza kuacha theluthi moja au zaidi mbele ya mfupa. Ni kifupi kuliko cha 180 na kinakimbia zaidi, na shaba inapenda mwendo, ikifika imechoka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde majani yanafunguka kwa shida. Kwa swala na kongoni ndani ya mita 200 sioni sababu ya kung'ang'ania 180. Na kama hata hizo mtutu hautaki, usigombane nao, nunua boksi moja la Partition au Oryx ya 180, hizo hazijazidi sana urefu wa softi ulizozoea na mitutu ya kizamani mara nyingi inaelewana nazo. Wenye kujipakia risasi wenyewe wana nafasi ya kuchezea umbali wa kichwa na mifereji, shaba inapenda kuruka kidogo kabla ya kushikwa, milimita moja na ushee, lakini sisi wa risasi za boksi tunachagua tu boksi jingine.

Mjomba sasa. .375 H&H ipo tangu 1912, kichwa cha greini 300 kwenye mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde. Kwa nyati asihangaike kutafuta matundu ya kushikana, nyati tunampiga mita 40, 60, sana sana 100, na sehemu ya moyo na mapafu ni pana kuliko sinia la chai. Sentimita 6 zinamtosha kabisa. Pesa yake aiweke kwenye kichwa kisichopasuka: mimi kwa risasi ya kwanza nampa A-Frame ya 300. Shaba nayo ni nzuri mno, tatizo langu nayo ni kundi, ina tabia ya kutokea upande wa pili na nyuma ya dume wako kuna jike amesimama hujamuona, sasa una nyati wawili waliojeruhiwa na kibali cha mmoja. Kwa dume aliye peke yake sina neno. Softi ya bei poa kwenye bega la nyati, hapana, hata ya bure.

Solidi (risasi za kichwa kigumu kisichofunguka) awe nazo, lakini zikae chini kwenye magazini, softi ndo iwe chemba. Solidi ni za kumfuata aliyejeruhiwa anayekupa mgongo au anayekuja usoni. Ila azipige kwenye karatasi kabla ya safari, maana si kila solidi inatua mahali pamoja na softi, na asisubiri kugundua hilo porini.

Ukishasafisha nitumie picha za karatasi, na kando ya matundu weka sarafu ya shilingi mia mbili nijue ukubwa, siyo kama yule aliyenitumia picha amezumu mpaka sikujua naangalia matundu ya .30-06 au ya mizinga.