Soma Hati Yako ya Mshahara Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi

Karibu kila mwisho wa mwezi hunijia mtu katika kibanda changu cha Nyalenda, hapa Kisumu, akiwa bado amevaa nguo za ofisini, akitaka kujua nilivyoacha kazi ya mshahara nikaanza kujitegemea kwa kutengeneza vikapu vya gugumaji. Mmoja hushona, mwingine hupiga picha, mwingine huoka keki za harusi usiku watoto wakishalala. Kabla ya kumuuliza lolote kuhusu kipawa chake, humwomba anioneshe hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari.

Nina sababu ya kufanya hivyo. Kwa miaka 11 nilikuwa karani wa mishahara, na kazi yangu ilikuwa kuandaa hati za aina hiyo kwa watu zaidi ya 60. Hata hivyo, sikuwahi kuisoma ya kwangu kama orodha ya kazi ambazo mtu mwingine alikuwa akinifanyia. Kuna aliyetenga fedha za matibabu yangu kabla sijaziona, aliyeniongezea akiba ya uzeeni, aliyepeleka malipo ya mkopo wangu kwa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, bila mimi kukumbushwa, na aliyeamua kwamba tarehe 28 ningelipwa hata kama mwezi huo biashara ilikuwa mbaya. Ukiondoka, kazi hizo zote zinahamia mikononi mwako siku hiyohiyo, na hakuna anayekukabidhi.

Nilianza kusuka mwishoni mwa mwaka 2017. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti mwaka huo, na ghafla kila mtu aliyekwenda sokoni alihitaji kitu cha kubebea. Gugumaji lilikuwa limejaa ufuoni mwa Ziwa Victoria, nami nilikuwa na jioni zangu. Nikajifunza kwa mama mmoja wa Dunga aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na Jumapili nikawa napeleka vikapu vyangu katika soko la Kibuye. Viliuzwa. Kila Jumapili nilirudi nyumbani na mfuko mtupu na fedha mkononi, nikaamini kwamba nina biashara. Nilikuwa na wanunuzi, lakini biashara ilikuwa bado, na hapo ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu nimewaona wengi wakiingia kwa mlango huohuo.

Chukua kikapu kimoja cha wakati ule. Mabua makavu yaligharimu shilingi 60, kitambaa cha bitana 120, mikono ya ngozi 100, na vanishi 30, jumla 310. Nilikiuza kwa shilingi 700, nikahesabu faida ya 390, nikafurahi. Jioni moja, kwa mazoea tu ya kazi yangu, nilichukua daftari nikaandika saa. Kuchambua mabua na kuyalowesha kidogo ili yasivunjike kulinichukua saa 1, kusuka misuko ya nyuzi tatu saa 5, kufuma kikapu chenyewe saa 4, kutia bitana na mikono saa 2. Saa 12 kwa shilingi 390 ni shilingi 32 na senti 50 kwa saa. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa shilingi 41,600 kabla ya makato, kwa siku 26 za saa 8, yaani shilingi 200 kwa saa. Ili kikapu kile kinilipe kama ofisi ilivyonilipa, kingepaswa kuuzwa kwa shilingi 2,710, na hakuna mtu Kibuye ambaye angetoa kiasi hicho ili abebee sukumawiki na nyanya.

Hesabu hiyo ilinichelewesha kuacha kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ninaishukuru. Nilitumia mwaka huo kutafuta saa zilikopotelea. Nilimwendea seremala wa jua kali akanitengenezea kalibu za mbao za vipimo vitatu, na kwa kuwa sasa nilifuma kuizunguka kalibu badala ya kupima kwa macho, kulowesha na kufuma kulishuka hadi saa 3. Misuko nikaanza kuinunua ikiwa tayari, kwa shilingi 280 kwa kila kikapu, kutoka kwa akina mama ambao kwa saa 2 humaliza kilichonichukua mimi saa 5, na ambao wanaifanya kwa ustadi kunizidi. Kisha nikabadilisha mnunuzi: badala ya kushindana na mfuko wa mchele sokoni, nikatengeneza vikapu vya zawadi kwa ofisi, vikapu vya nguo chafu, na vivuli vya taa. Kikapu cha shilingi 1,500, ambacho vifaa vyake pamoja na misuko vilifika 530, kilinibakishia 970 kwa saa 5, yaani 194 kwa saa. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria barua.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni dogo, nalo halihitaji mtaji. Kwa miezi mitatu, ukiwa bado umeajiriwa, andika saa zako. Andika hata saa ya kumsubiri mteja ambaye hakufika, hata safari ya kwenda kununua uzi, hata dakika za kujibu ujumbe wa simu usiku. Wenye vipawa tuna udhaifu wa kuamini kwamba saa tunayoifurahia haina gharama, ilhali mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa sababu wewe ulifurahi.

Ombi la pili linahusu majira. Mshahara haujui masika wala kiangazi, lakini biashara inayajua. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za uzito wa gugumaji bichi ni maji. Kilo 10 ulizobeba kutoka ziwani hazitakuachia hata kilo moja kamili ya mabua makavu, na ukavu huo huhitaji jua la juma moja au mawili. Aprili, hapa kwetu, mvua hunyesha alasiri hata baada ya asubuhi yenye jua kali. Katika masika yangu ya kwanza baada ya kuacha kazi nilipokea agizo la vikapu 40, nikaharakisha. Mabua yalikuwa yamekauka kwa nje, yamegeuka rangi ya kahawia ya kupendeza, nami nikayafuma, nikavipanga vikapu ndani ya magunia ya plastiki kusubiri gari. Siku ya tano nilipofungua gunia la kwanza nilipokewa na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na ndani ya bitana nyeupe kulikuwa na vitone vyeusi vya kuvu, vidogo kama mbegu za mchicha, vimefuata kila mshono. Vikapu 31 havikufaa. Nilimpelekea yule mama wa Dunga kimoja. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akaniambia, “Mwanangu, hiki bado kina maji. Siku nyingine pima furushi leo, ulipime kesho. Uzito ukishuka, rudisha juani.”

Tangu siku hiyo nina mizani ukutani, na furushi haliingii kazini mpaka lipimwe siku mbili mfululizo bila kupungua. Na muhimu kuliko mizani, nilijifunza kununua mabua ya masika wakati wa Januari na Februari, jua likiwa kali, jambo ambalo huhitaji fedha katika miezi hiyohiyo ya karo ya muhula wa kwanza. Kila kazi ya ubunifu ina Aprili yake. Mpiga picha za harusi ana miezi ambayo watu hawaoi. Mshonaji wa sare ana miezi ambayo shule hazifungui. Itafute yako kabla haijakukuta, na uijazie akiba yake mapema.

Turudi kwenye hati ya mshahara. Mstari wa bima ya afya ndio unaosahaulika haraka zaidi, kwa sababu mtu huacha kazi akiwa mzima. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, lakini asiye na mshahara hupimwa kwa kipato cha kaya yake, mchango wake hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ziweke kando fedha hizo kabla ya kununua cherehani ya pili. Mstari wa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, nao unaficha jambo: kiasi unachokiona kimekatwa ni nusu tu ya kinachowekwa, kwa kuwa mwajiri huongeza kinacholingana nacho. Unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ukiwa umejiajiri, na ninakusihi uendelee, lakini ujue kwamba nusu ile nyingine haitakuwepo tena.

Kuhusu Sacco nitasema kwa uzito zaidi, kwa sababu hapa tunawaumiza watu wengine. Nilikuwa na mkopo uliodhaminiwa na wenzangu watatu wa ofisini. Makato yalipokatika kwenye mshahara, deni halikukatika, na kama ningechelewa, akiba zao ndizo zingeguswa. Nilibaki kazini miezi minne zaidi nilipokuwa tayari nimechoka, ili niumalize. Mtu aliyekuwekea sahihi alikuamini wewe ukiwa na mshahara. Usimwachie ndoto yako ailipie yeye. Na ikiwa huwezi kuumaliza, basi keti na kila mmoja wao, umweleze utalipaje na lini, kabla hawajasikia kwa watu kwamba umeondoka.

Ipo hasara nyingine ambayo haionekani kwenye hati yoyote, nayo ni kusubiri kulipwa. Hoteli moja ilichukua kwangu vivuli vya taa 24 kwa ahadi ya siku 30, ikanilipa baada ya miezi mitano. Katika miezi hiyo nilikopa kwa ajili ya unga. Iliniuma zaidi kwa kuwa nilikumbuka ankara za mafundi zilizokuwa zikilala juu ya meza za ofisi yetu ya zamani, nasi tukiwaambia waje Alhamisi. Siku hizi sianzi kazi ya zaidi ya shilingi 5,000 bila arubuni ya nusu, ambayo angalau inafunika vifaa na misuko, na makubaliano tunayaandika hata kama mteja ni shemeji yangu. Wako watakaoondoka ukiwaomba arubuni. Kwa uzoefu wangu, wengi wa hao ndio ambao wangekuchelewesha.

Mambo ya serikali hayana ugumu ambao watu huyaogopea. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chukua kibali cha biashara cha kaunti, tenganisha nambari ya kupokelea malipo na simu yako binafsi. Jambo moja tu la kukumbuka: mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayeuza kwa faida nyembamba ataihisi kodi hiyo, kwa hiyo iingize katika bei tangu mwanzo.

Zungumza na wa nyumbani kwa takwimu. Mimi na mume wangu tuliishi kwa miezi sita kana kwamba mshahara wangu ulikuwa shilingi 15,000, na uliobaki tukauweka benki bila kuugusa. Tuliondoa king'amuzi, tukahamia nyumba ya chumba kimoja pungufu, tukagundua kwamba karo ilikuwa ngumu lakini ilipatikana. Miezi ile sita ilitufundisha mengi kuliko mazungumzo yote, na fedha zilizowekwa ndizo zilizotuvusha mwaka 2020, wakati wageni walipokosekana na maji ya ziwa yakapanda hadi ndani ya nyumba za ufuoni.

Siku ikifika, andika barua fupi yenye heshima. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wako unadai zaidi. Omba siku za likizo ambazo hukuzichukua zihesabiwe, na uombe cheti cha utumishi, maana ni haki yako na siku moja huenda benki au mteja mkubwa akakiulizia. Mkabidhi kazi vizuri anayekufuata. Ofisi yangu ya zamani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wangu wa kwanza wa vikapu vya zawadi za Desemba.

Hadi leo, kila tarehe 28, hufunga kibanda saa kumi jioni na kujiandikia hati ya mshahara katika daftari lilelile la saa. Kiasi ni kilekile kila mwezi, uwe mwezi wa wageni au wa mvua. Kinachozidi hubaki katika biashara kungojea masika. Chini ya kiasi hicho naandika mistari ya bima, NSSF na Sacco, na fedha zake nazituma kabla sijasimama. Mstari wa NSSF ulikaa mtupu kwa miezi 13 ya mwanzo. Mwezi wa 14 niliandika shilingi 400.