Moshi wa Sigara Kazini na Mama Mjamzito

SWALI: Mimi ni karani, na mimba yangu ina miezi minne. Sijawahi kuvuta sigara, lakini wenzangu wawili huvuta kutwa nzima ndani ya chumba tunamofanyia kazi. Nilipolalamika, msimamizi alinihamishia meza yangu dirishani, akasema kuwa hapo moshi hautanifikia. Je, hatua hiyo inatosha? Na je, nimekwisha kumdhuru mtoto?

JIBU: Haitoshi, dada yangu, na nakuomba usikubali kuambiwa kwamba jambo hilo limekwisha. Moshi wa sigara haukai juu ya meza ya anayevuta. Huenea chumba kizima, na sehemu kubwa ya madhara yake hubaki hewani hata pale ambapo jicho halioni tena kitu. Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alieleza bayana katika ripoti yake ya mwaka 2006 kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara, na kwamba kutenga wavutaji ndani ya jengo lilelile, kusafisha hewa au kuweka feni hakuwezi kumkinga kikamilifu asiyevuta.

Kwa mjamzito, kuna mambo mawili ya kuelewa. La kwanza ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu (kibeba oksijeni) kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo kuichukulia oksijeni nafasi yake. Na kwa kuwa gesi hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kuishikilia damu ya mtoto kwa nguvu zaidi, kiwango chake kwa mtoto huweza kuzidi cha mama. La pili ni nikotini, kemikali iliyomo katika tumbaku, ambayo nayo huvuka kondo na huweza kubana mishipa inayompelekea mtoto damu. Ndiyo maana watoto wa mama wanaokaa kwenye moshi huelekea kuzaliwa na uzito pungufu, kwa wastani makumi ya gramu, na hatari ya mtoto kuzaliwa mfu huongezeka. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria ongezeko hilo kuwa asilimia 23 kwa wajawazito wasiovuta. Tafadhali isome takwimu hiyo kwa utulivu: ni nyongeza juu ya hatari ambayo kwa kawaida ni ndogo, na wajawazito wengi waliopitia hali kama yako hujifungua watoto wazima.

Kuhusu miezi minne iliyopita, usijilaumu kwa moshi ambao hukuuwasha wewe. Ukiondoka kwenye moshi, kaboni monoksidi iliyomo katika damu yako hupungua hadi nusu katika muda wa saa tano hivi, na mtoto huongeza sehemu kubwa ya uzito wake katika miezi mitatu ya mwisho. Muda wa kumlinda bado unao.

Mweleze mhudumu wa kliniki ya wajawazito hali ya kazini kwako, umwombe barua, kisha uandike ombi rasmi kwa mwajiri. Usiombe meza nyingine; omba uvutaji usifanyike ndani ya jengo, wala mlangoni na chini ya madirisha. Kwa maoni yangu si haki kwamba mjamzito ndiye ahamehame huku sigara ikibaki mahali pake. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unazitaka nchi wanachama, katika ibara ya 8, kuwalinda watu dhidi ya moshi katika sehemu za kazi za ndani. Uliza sheria ya nchi yako inasemaje, uitaje katika barua.

SWALI: Mke wangu ni mjamzito na kazi yake ni kuchuma majani ya tumbaku. Hakuna anayevuta hapo, lakini jioni hutapika na kupata kizunguzungu. Je, ni mimba tu?

JIBU: Huenda si mimba pekee. Nikotini hupenya ngozini, hasa majani yanapokuwa yamelowa kwa mvua, umande au jasho, na huleta kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Dalili hizo hufanana mno na za mimba, hata wahudumu huweza kukosea. Angalia kama humjia saa chache baada ya kushika majani na kupungua siku asizokwenda shambani. Glavu na nguo za mikono mirefu hupunguza tatizo, na nguo zikilowa azivue mara moja na aoge kwa sabuni, lakini kwa mjamzito jambo lililo salama zaidi ni kupewa kazi isiyomgusisha majani hayo hadi ajifungue. Mpeleke kliniki wiki hii, na kabla ya yote mtaje kazi anayoifanya, pamoja na dawa za kuua wadudu zinazopulizwa shambani humo.