Maswali na Majibu: Je, ni Kihisi Joto Kweli Kilichoharibika?

Swali: Ninaishi Njiro, Arusha. Mashine yetu ya kuosha vyombo, ambayo tuliinunua ikiwa imeshatumika, huanza kazi vizuri, lakini baada ya nusu saa hivi husimama na kuonyesha alama ya hitilafu ambayo kijitabu chake kinaihusisha na joto la maji. Vyombo hutoka vikiwa baridi na vyenye mafuta. Fundi aliyeitazama amesema kihisi joto kimekufa, na kwamba ni afadhali tubadilishe na bodi ya umeme kwa pamoja. Bei ya bodi ni karibu nusu ya bei tuliyonunulia mashine yenyewe. Nitajuaje kama kweli kosa ni la kihisi?

Jibu: Kabla ya kufungua skrubu hata moja, zingatia muda ambao alama hiyo hutokea. Kihisi joto cha mashine hizi ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinachozuia umeme kupita, hushuka kadiri joto linavyopanda, na bodi huusoma ukinzani huo tangu mashine inapowashwa. Kikikatika kabisa, bodi husoma baridi isiyowezekana. Nyaya zake zikigusana, husoma joto lisilowezekana. Na katika hali zote mbili mashine nyingi hulalamika mapema sana, mara nyingi kabla hata maji hayajajaa. Yako husubiri nusu saa. Hii ina maana kwamba bodi ilipata kipimo kinachokubalika, ikaagiza maji yapashwe moto, ikangoja, na muda uliowekwa ukapita bila joto kufika inapotakiwa. Alama hiyo, basi, inasema tu kwamba joto halikupanda. Aliyelizuia anaweza kuwa hita, relei inayoiwasha, swichi inayopima kama maji yametosha, umeme wenyewe, au kihisi ambacho hakijafa ila kinatoa kipimo cha uongo.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji kufungua kitu chochote, nalo ninalipenda kuliko yote kwa sababu kila nyumba yenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inaweza kulifanya. Zima kila kinachotumia umeme nyumbani, friji na hita ya bafuni zikiwamo, kisha washa mashine kwenye programu ya nyuzi 60 au 65. Nenda kwenye mita uitazame ile taa ndogo inayomwekamweka. Pembeni yake huandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti. Tuseme ni 1000 imp/kWh. Wakati pampu peke yake inazunguka, mashine hutumia wati mia moja hivi, na taa itamweka mara moja kwa zaidi ya nusu dakika. Hita ya wati 2,000 ikiwaka, taa hiyo hiyo itamweka takriban kila sekunde mbili. Tofauti hiyo huwezi kuikosa hata ukiwa umesimama mbali. Endelea kuiangalia mpaka alama ya hitilafu itokee, kisha fungua mlango kwa uangalifu na upime maji yaliyobaki chini kwa kipimajoto cha jikoni.

Ikiwa taa ilikwenda mbio muda wote na maji ni ya moto sana, kihisi chako kinasoma chini ya joto halisi, na fundi wako ana haki ya kukishuku. Ikiwa taa ilikwenda mbio lakini maji ni vuguvugu tu, pima kwanza umeme wa kwenye soketi saa ambazo huwa unaosha vyombo. Nguvu ya hita hupungua kwa mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita ya wati 2,000 hubaki na wati 1,370 hivi, na mashine iliyopangiwa muda wa kupasha maji kwa umeme kamili huishiwa na muda kabla ya maji kupata moto. Jambo hili huonekana zaidi mwezi wa Juni na Julai, wakati maji ya bombani Arusha ni ya baridi kuliko miezi mingine. Mashine ya namna hii haina ugonjwa. Ioshe vyombo saa ambazo umeme una nguvu.

Ikiwa taa haikubadilika kabisa, hita haikuwaka, na hapo ndipo kazi ya kufungua inapoanza. Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi. Toa maji yote, funga bomba, kisha ondoa kibao cha chini mbele au ubavu wa mashine kulingana na muundo wake. Chomoa nyaya za hita na uipime ukinzani kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: hita ya wati 1,800 hadi 2,000 inapaswa kuonyesha omu 25 hadi 30, na kati ya ncha zake na chuma cha mashine pasiwe na mawasiliano yoyote.

Sasa tuje kwa mtuhumiwa wako. Kipime kihisi kikiwa bado kimeunganishwa na nyaya zake, kuanzia kwenye kiunganishi kinachoingia kwenye bodi baada ya kukichomoa hapo, maana kwa njia hiyo unapima kihisi na nyaya kwa pamoja. Katika mashine nyingi kihisi hiki kimewekwa ndani ya kifaa kimoja na kihisi cha uchafu wa maji, chenye nyaya tatu au zaidi, kwa hiyo utafute mchoro wa mashine yako ili ujue ni zipi mbili zinazohusika. Weka multimita kwenye 20k, yaani kipimo cha hadi kiloomu 20. Kihisi cha aina inayotumika sana huwa na kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, kama 3.6 kwenye nyuzi 50, na 2.5 hivi kwenye nyuzi 60. Zipo aina zenye namba tofauti kabisa, kwa hiyo namba moja pekee isikufanye utoe hukumu, angalia mwenendo. Asubuhi ya baridi utasoma kama 13. Kitoe, kikaushe, kishike ndani ya kiganja kilichofumbwa, na utaona namba ikiteremka polepole, 12, 11, 9, hadi karibu na 7, bila kuruka. Kisha kichovye ncha yake kwenye kikombe cha maji ya moto chenye kipimajoto ndani. Usiyachukulie maji yanayochemka kuwa ni nyuzi 100: kwa mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na hata Moshi hayafiki 98.

Wakati unapima, tikisa waya taratibu kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Namba ikiruka ghafla hadi kusiko na kikomo kisha ikarudi, kihisi ni kizima na ubaya uko kwenye waya au kwenye pini. Kwa mashine iliyokaa stoo kabla ya kuuzwa, ningetafuta kwanza alama za meno ya panya, halafu kutu ya kijani kwenye pini. Kutu hiyo huongeza ukinzani, na bodi hudhani maji ni ya baridi kuliko yalivyo.

Kama hita na kihisi vyote ni vizima, geukia maji. Mashine nyingi haziruhusu hita kuwaka mpaka swichi yao ithibitishe kwamba maji yametosha. Nyumba inayotegemea tangi la juu kwa sababu ya mgao wa maji hupata shinikizo dogo: mita tatu za kimo hutoa takriban bar 0.3 tu, nazo mashine nyingi huhitaji angalau bar 0.3 hadi 0.5. Safisha pia chujio dogo lililo mwisho wa mpira wa kuingizia maji, ambalo hujaa mchanga. Floridi inayojulikana sana katika maji ya Arusha haihusiki hapa.

Bodi ni ya mwisho kushukiwa, na hata hapo mara nyingi kinachokufa ni relei ya hita, ambayo fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kuibadilisha kwa sehemu ndogo ya bei uliyotajiwa. Kupima volti kwenye hita mashine ikiwa inafanya kazi ni kazi ya fundi wa umeme; usiifanye mwenyewe.

Ukithibitisha kwamba kihisi ndicho kibovu, kinunue kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango, kwa maana viwili vinavyofanana kwa umbo huweza kuwa na ukinzani tofauti. Weka na mpira mpya wa kuzuia maji, uupake sabuni kidogo ya vyombo badala ya mafuta ya mgando, kisha urudie jaribio la LUKU kwa programu ile ile: mimweko ya haraka inapaswa kukoma yenyewe maji yakifika kwenye joto la programu.