Kabla ya kulipia dabo kebini, nenda na tepu ya kupimia

Huu ni mwaka wa tatu naendesha dabo kebini, yaani pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, kati ya mjini Njombe na shamba la viazi, na mara mbili tatu kwa mwaka naishusha hadi Dar. Watu wakiiona wanasifia. Imesimama juu, taa za mbele zimekunja uso kama mtu anayekudai, rimu za inchi 18. Nami siku ya kununua nilisifia hivyohivyo. Nilikaa kwenye usukani, nikawasha kiyoyozi, nikachezea skrini, nikalipa. Bodi la nyuma, la kubebea mzigo, nililichungulia tu kuona kama limekwaruzwa.

Msimu wa kwanza wa viazi ndio ulionifundisha nimenunua nini. Gunia la saba halikulala. Vijana wa kupakia walilizungusha huku na huku, wakalisimamisha, wakalilaza tena, mwisho mmoja akaniuliza, "Bosi, hili bodi wamelikatia wapi?" Tulifunga mlango wa nyuma kwa kamba, nusu wazi, na njia nzima nilikuwa nautazama kwenye kioo kuliko nilivyotazama barabara.

Swali la yule kijana lina jibu, na utaliona ukisimama ubavuni mwa gari. Chukua Hilux, maana hiyo kila mtu anaijua. Ya kebini moja na ya dabo urefu wake unakaribiana, mita 5.3 hivi. Ila bodi la kebini moja lina mita 2.3 hivi, la dabo lina mita 1.5 na ushee. Kiti cha nyuma wanachokaa watoto kimemegwa kwenye mzigo wako. Halafu kuna yale matuta ya matairi yanayoingia ndani ya bodi pande zote mbili na kula upana. Kwa hiyo usipime ukuta kwa ukuta. Pima kati ya hayo matuta, chini kabisa, ndiko gunia linakokaa. (Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kipimo, miaka mingi, dabo kebini inawaunga mkono bila hata kutoza faini.)

Uzito nao una hesabu yake. Makaratasi ya gari hizi nyingi yanasema zinabeba tani moja hivi, na sisi tunasikia gunia kumi za kilo 100. Tani hiyo inahesabu na watu. Wakipanda watu wazima watano wa kilo 70, hizo ni kilo 350 zimeshaondoka, umebaki na gunia sita na nusu. Umefunga bampa la chuma, winchi na keria? Toa tena. Na ujue sehemu kubwa ya bodi la dabo imening'inia nyuma ya ekseli. Mzigo mzito ukirundikwa kwenye mlango wa nyuma, mashimo ya barabarani yanaigeuza chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kuwa rula inayokunjwa. Fundi wangu alinionyesha moja iliyopasuka nyuma ya kebini, imechomelewa, imepasuka tena pembeni ya weldi. Tangu siku hiyo vizito navisukuma mbele viegemee kebini, vyepesi vinakuja nyuma.

Ikiwa tupu, nyuma inarukaruka. Springi za chuma bapa zimewekewa tani moja, wewe umepakia ndoo mbili za parachichi, unategemea nini? Kwenye barabara ya udongo iliyolowa, mkia unateleza mapema kuliko unavyodhani. Nissan Navara waliweka springi za kujiviringisha nyuma ili ilainike, na kwa abiria inasaidia. Kwa gari kama langu, soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kina vipimo viwili vya upepo wa matairi, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Mimi mwaka mzima nilikuwa naendesha na upepo wa mzigo, nikilaumu shokapu.

Kitu kinachonikera hadi leo ni kimo cha kuta za bodi. Wabunifu wa siku hizi wamezipandisha ili gari lionekane na kifua. Mama mkwe wangu hafikii hata ukingo. Mimi mwenyewe, ndoo ikiteleza mpaka katikati, napanda juu ya tairi lenye tope, tumbo kwenye ukingo, miguu hewani, navua ndoo kama mtu anayevua samaki kisimani. Ford kwenye Ranger iliyoanza kuuzwa 2022 waliweka kijingazi nyuma ya tairi la nyuma, ubavuni mwa bodi. Kitu kidogo, lakini ni wazi aliyekichora aliwahi kushusha mzigo.

Tairi la akiba nalo liko chini ya bodi, limening'inizwa kwa mnyororo, na linashushwa kwa vyuma unavyounganisha na kupitisha kwenye tundu karibu na bampa la nyuma. Nilijifunza hayo usiku, mvua ikinyesha, kwenye mlima wa Kitonga, malori yakipita kwa kunguruma. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu na tope la misimu miwili, chuma kikazunguka bila kushusha kitu. Nilisaidiwa na utingo wa lori mwenye nyundo. Sasa kila baada ya miezi mitatu nalishusha, nalisafisha, napaka grisi, nalipandisha. Ukienda kununua gari lililotumika, mwambie muuzaji alishushe mbele yako. Akianza kutafuta vyuma na asivipate, punguza bei.

Foo wili, yaani kuendesha matairi yote manne, kwenye pikapu nyingi hizi ni ya tope na utelezi, haina difu ya kati inayoruhusu matairi ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiiacha kwenye lami kavu, kata kona utasikia gari linajivuta, na anayeumia ni matairi na gia. Injini za dizeli za sasa, kama ile ya Hilux ya lita 2.4, zina nguvu kwa mafuta kidogo, lakini injekta zake, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, hazivumilii maji wala mafuta ya kwenye madumu. Filta ina sehemu ya kutolea maji. Mwambie fundi akuonyeshe ilipo.

Vumbi linaingia kwenye bodi hata ukifunika turubai. Begi la safari weka ndani ya kebini.

Jirani yangu alipotaka kununua nilimpa ushauri mmoja tu. Akaenda na tepu na gunia tupu, akalijaza maranda, akalilaza kwenye kila bodi aliloonyeshwa, wauzaji wakimcheka. Alirudi na ya kebini moja. Jumapili mke wake na watoto wanapanda kwangu kwenda kanisani, Jumatatu viazi vyangu vinapanda kwake.