Jiko la Wasomaji: Biskuti laini za mdalasini, bila siagi wala mayai

SWALI: Habari za kazi. Shangazi yangu wa Dar es Salaam alinipa vipimo vya biskuti za mdalasini zisizo na maziwa wala mayai: unga vikombe 2, sukari kikombe 1, mafuta ya nazi nusu kikombe, bekingi pauda vijiko 2 vya chai. Kwake zinatoka laini. Kwangu zinatambaa kwenye trei kama chapati, na kesho yake ni kigae. Nakosea wapi?
Msomaji wa Uyole, Mbeya

JIBU: Dada, vipimo hivyo ni vya pwani, na wewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda hutanuka upesi kabla unga haujashikana. Biskuti inavimba, inaanguka, inatambaa. Maji nayo hukauka haraka zaidi (Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100), sukari inabaki imejikusanya, na ikipoa inaganda kama kashata. Hicho ndicho kigae chako.

Kuna na mafuta ya nazi. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na asubuhi ya Juni Uyole ni baridi kuliko hapo. Ukiyayeyusha ukayamimina kwenye maji baridi, yanarudi kuwa chembe chembe. Kila chembe ikiyeyuka ndani ya oveni inaacha tundu, na mafuta yanachuruzika pembeni. Tumia alizeti iliyosafishwa. Ile ya kukamua kienyeji ni nzuri kwa mboga, ila harufu yake inaumeza mdalasini.

Jaribu hivi, utapata biskuti kama 20. Saga mbegu za kitani kijiko 1 cha chakula, changanya na maji vijiko 3, acha dakika 10 mpaka zivutike kama ute wa bamia. Hiyo ndiyo kazi ya yai: kushikanisha. Ponda parachichi lililoiva sawasawa, gramu 60 (karibu robo kikombe), na maji ya limao kijiko 1 cha chai. Ponda mpaka liwe laini kabisa, maana chembe moja ikibaki itaonekana kama doa la kijani. Ongeza mafuta mililita 60, sukari gramu 100 na ule ute wa kitani, kisha piga dakika 2 nzima. Sukari ya dukani ina chenga kubwa. Isipoyeyuka hapa itayeyukia kwenye oveni, na biskuti zitatambaa tena. Ukiwa na blenda, isage kwanza.

Pembeni chekecha unga mweupe gramu 160, atta (unga wa ngano usiokobolewa) gramu 80, bekingi pauda kijiko 1 cha chai tu na chumvi robo kijiko. Mimina kwenye mchanganyiko, geuza kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, halafu ACHA. Ukikanda kama maandazi, utapata biskuti za kutafuna kama mpira. Donge likiwa linapasuka, ongeza maji au maziwa ya soya kijiko 1 cha chakula. Funika, lipumzike nusu saa ili atta inywe maji. Usiruke hatua hii: atta isiyoshiba inaendelea kunywa baada ya kuoka, na biskuti zinakauka koponi.

Tengeneza vidonge vya gramu 25, ukubwa wa ndimu ndogo. Vizungushe kwenye sukari vijiko 2 vya chakula iliyochanganywa na mdalasini vijiko 2 vya chai. Vibonyeze kwa kitako cha glasi vibaki na unene wa sentimita 1, kwa kuwa mafuta ni machache na havitajitanua vyenyewe. Oka kwa nyuzi 185, dakika 10. Vitoe vikiwa vimeshika kandokando na katikati bado kunabonyea kwa kidole. Utadhani ni vibichi. Viache juu ya trei dakika 10, joto la trei litamalizia. Wengi huharibu hapa: wanangoja biskuti iwe ngumu ndani ya oveni, na ikipoa inageuka jiwe.

SWALI: Shikamooni. Sina oveni, nina jiko la mkaa. Inawezekana?
Mama wa Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba, mama, inawezekana sana. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu kimo cha sentimita 2, weka juu yake vijiwe vitatu vya kubeba sahani ya bati. Funika, pasha dakika 15. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko na mchache chini, kama mafungu mawili juu na moja chini. Sukari ya nje inaungua upesi, kwa hiyo moto wa chini ukizidi utapata biskuti nyeusi tumboni na nyeupe usoni.

Kupima joto, nyunyizia unga kijiko 1 kwenye kisahani cha bati, ingiza, funika. Baada ya dakika 5 ukiwa na rangi ya dhahabu, moto uko sawa. Ukibaki mweupe, ongeza makaa ya juu. Ukiwa mweusi, punguza ya chini. Oka biskuti 6 au 7 kwa mkupuo na usifunue kabla ya dakika 9. Na baridi isikushawishi kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha: hewa ya mkaa inaua bila harufu.

SWALI: Nilikosa bekingi pauda nikatia magadi ya maharage. Zimetoka za kijani na zina ladha ya sabuni.
Msomaji wa Tukuyu

JIBU: Magadi ni makali mno. Hukoleza ukijani wa parachichi na kuacha hiyo ladha ya sabuni. Hata bekingi soda ya dukani ikizidi hufanya hivyohivyo. Ukikosa bekingi pauda, tia soda robo kijiko cha chai na uongeze maji ya limao yafike vijiko 2. Parachichi likikushinda kwa rangi, ndizi mbivu ya hapohapo Tukuyu gramu 60 inafaa, ila punguza sukari ibaki gramu 80 na utegemee ladha ya ndizi.

SWALI: Je, ni salama kwa anayepunguza sukari?
Msomaji wa Makambako

JIBU: Ni afadhali, si dawa. Vipimo vya kawaida kwa unga huohuo hubeba sukari gramu 200 hivi na siagi gramu 150. Hizi zina sukari gramu 6 hivi kila moja, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Ukila tano umerudi kulekule. Mwenye kisukari aziweke kwenye hesabu ya mlo wake kama alivyoelekezwa kliniki. Sukari guru haibadilishi hesabu hiyo, ingawa inasaidia ulaini kwa kuwa inashika unyevu.

SWALI: Niko Kyela. Nifuate vipimo vya Mbeya?
Kijana wa Kyela

JIBU: Hapana, ndugu. Ninyi mko chini, mita 500 hivi. Tia bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, oka kwa nyuzi 175, na usiongeze maji mpaka donge likatae kabisa kushikana. Kwa joto la huko, weka donge mahali pa baridi kabla ya kuviringisha, la sivyo sukari italowa na mdalasini utakuwa tope. Zikipoa kabisa, zifungie koponi na kipande cha tufaha, ukibadilishe kila siku kisije kikaota ukungu.