Re: Kuweka stoku yote kwa sistim, nikifungiwa nje je?

Sasa mkuu. Kwa hivyo unaogopa ukiweka stoku na mauzo ya kiwanda chako cha unga hapo Nakuru kwa sistim, jamaa wa programu anaweza kukufungia nje. Mimi nasindika maziwa huku Kisumu, cheki kwanza akaunti kuu iko kwa jina la nani, kama ni la fundi, badilisha leo. Halafu weka bakapu, yaani nakala ya data yako, kwa diski unayochomoa, juu wadukuzi wa kufunga mafaili hutafuta bakapu ya mtandaoni pia, na ujaribu kuirudisha uone kama inafunguka, wengi huwa hawajaribu. Kurudi kwa vitabu nayo sahau, tangu Januari 2024 gharama nyingi bila ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki, KRA (mamlaka ya kodi) hawakuondolei wakihesabu kodi.