Muulize daktari wa ngozi: Nimeacha mkorogo, nikapige leza?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni dada wa miaka 34 niko Mwanza, nimepaka mkorogo kama miaka 6 hivi nikaacha mwaka jana maana mashavu yalianza kuwa meusi kama yamepakwa masizi na maungio ya vidole yakawa meusi tii. Sasa kuna saluni wanasema wana leza inatoa madoa siku moja tu, ila shoga yangu alienda akatoka na alama za pembe nne shavuni kama matofali. Hivi leza inafaa kwa sisi weusi au ni ya wazungu?

JIBU: Marahaba binti yangu, na hongera sana kwa kuacha, najua ngozi ilivyokuwasha zile wiki za mwanzo.

Leza ni mwanga, na mwanga huo unatafuta rangi. Mzungu doa lake ndo lenye weusi mwingi so mwanga unaenda pale pale, ila sisi melanini, yani ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, imejaa ngozi nzima kwa hiyo mwanga unanyonywa huku huku juu, joto linabaki hapo, ngozi inaungua. Hizo alama za matofali za shoga yako nadhani ni mashine ya IPL, ambayo sio hata leza, ni taa kali yenye kichwa cha mstatili, na pale ilipogusa ndo palipoungua. Nimeumia kusoma hiyo habari, mwambie aende hospitali mapema.

Zipo zinazotufaa. Kuna leza inaitwa Nd:YAG ya nanomita 1064 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), wimbi lake refu linapita chini bila kunyonywa sana juu, halafu kuna leza za piko, Marekani waliidhinisha ya kwanza 2012 kutolea tatuu, zinapiga kwa muda mfupi mno joto likawa dogo. Ila hata hizo sio za siku moja, na zikipigwa vibaya weusi unazidi.

Lakini kabla ya mashine yoyote doa lako lijulikane ni doa gani. Papasa shavu, kama unahisi vipunje vipunje kama chenga za mchanga na weusi una ukijivu au ubluu, inaweza kuwa okronosisi, weusi wa ngozi unaoletwa na haidrokwinoni, dawa iliyomo kwenye mikorogo mingi. Sasa saluni wakikupiga leza afu wakakupa krimu ya haidrokwinoni ya kumalizia, yani wanamwaga mafuta kwenye moto! Daktari wa ngozi atakuangalia na kioo chenye taa, wengi wetu tumesomea Moshi pale hospitali ya KCMC ambako wanafundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, uliza kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa.

Ikiwa ni melazma, yani yale mabaka meusi ya usoni, siku hizi tunatumia asidi ya traneksamiki, ile ile wakunga wanayompa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa dozi ndogo. Usijinunulie dukani tafadhali, kama umewahi kuganda damu mguuni au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango daktari lazima ajue.

Na sanskrini, krimu ya kukinga jua, chukua ya rangi ya ngozi yako, yenye oksaidi ya chuma, maana kwetu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaongeza weusi na zile nyeupe nyingi hazizuii huo, afu zinakuacha na majivu usoni.

SWALI: Dokta, nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni mpaka usaha. Niko Mombasa, nifanyeje?

JIBU: Pole kaka. Nywele zetu zimejikunja, ukinyoa chini kabisa ncha inarudi kuchoma ngozi. Acha wembe mwezi mzima, tumia mashine ya kuacha ndevu fupi fupi, huo usaha uonwe na daktari. Hapa ndo ile leza ya Nd:YAG inafanya kazi nzuri kweli kwa mtu mweusi, inaua mzizi wa nywele, ila ni awamu kadhaa na waanze na kasehemu kadogo wasubiri wiki kadhaa waone ngozi imepokeaje.